Nyongo ya Batachoka

Vijana wa ofisi ya mifugo, mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi, na mmeniletea hata kalamu mpya, kana kwamba ya zamani ndiyo iliyokuwa ikinizuia. Nitaandika. Lakini nina sharti moja: karatasi hizi zisifike sokoni, kwenye meza za samaki wakavu, na asitokee mtu wa kumsomea Mama Jeanne. Mkifika mwisho mtaelewa. Msipoelewa, wekeni visu chini mrudi kuchanja kuku.

Vyeo sitavitaja, na mshahara tuuache ulale, maana ukiamshwa utaleta maneno. Nitasema habari za ini na nyongo za mbwa, kwa sababu ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo niliyonyang'anywa. Wastaafu wengine husimama wakasema wanaondoka na shukrani. Mimi naondoka na uchungu, na sioni aibu kuusema.

Ini nilifundishwa Lubumbashi na Dokta Kasongo, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyenuka sabuni ya upasuaji hata siku ya Jumapili. Siku ya kwanza alitutupia mezani ini la ng'ombe kutoka sokoni, akampa kila mmoja wetu sindano na uzi, akatuamuru tushone. Tukashona. Uzi ukakata nyama kama unavyokata bukari, ugali wetu, ya moto, kila tundu likawa mpasuko. Akatuzunguka akitucheka.

"Munaona? Mukivuta, inakatika. Mukiogopa kuvuta, damu inatoka. Sasa mutafanya nini?"

Akachukua uzi mnene, akauzungusha kwenye shina la pande moja la ini, akaanza kukaza polepole bila kusimama, mpaka uzi ukazama ndani. Nyama ikakatika yenyewe, lakini mishipa, ambayo ni migumu zaidi, ikabaki imekusanyika ndani ya kitanzi, imebanwa. Ndivyo pande lililoharibika linavyoondolewa na mtu asiye na mashine. Ukikaza kwa pupa utakata na mishipa. Ukisita katikati, damu itakujibu.

Neno lake nililolishika zaidi lilikuwa jingine. "Kupasua ni kazi ya asubui moja," alikuwa akisema. "Kazi yenyewe inaanza imbwa ikiamuka." Alitukalisha sakafuni kando ya mbwa waliopasuliwa, tuwatazame fizi, tuwapapase tumbo, tungoje. Damu kutoka, nyongo kuvuja, sukari kushuka, usaha kuingia. Hayo manne alituimbisha kama watoto wa katekisimu, kwamba ndiyo yanayomuua mbwa aliyefunguliwa ini baada ya daktari kunawa mikono na kujisifu. La tano hakutufundisha. Labda kule Lubumbashi halikumpata.

Nilifika Kamina kwa treni, sanduku la vifaa likiwa juu ya magoti kwa sababu sikumwamini mtu. Mkubwa wa ofisi, ambaye nitamwita Shefu tu, alinionyesha chumba changu: meza ambayo mguu wake mmoja ulisimama juu ya tofali, picha ya ng'ombe mwenye homa ukutani, na friji ya chanjo ambamo chanjo zilibanana na bia zake. Alisikiliza nilichosomea, akakuna shingo.

"Weye unapasuaka imbwa? Juu ya nini?"

Kuuliza kwa nini lilikuwa swali la haki kwa mtu ambaye mbwa wake alikula maganda. Lakini mji huu una familia za reli zinazolinda nyua zao kwa mbwa, na vijijini kuna wawindaji wanaowapenda mbwa wao kuliko wakwe zao. Nikamwambia watakuja. Akacheka, akatoa bia kwenye friji.

Nilipewa msaidizi, Monga, muuguzi wa wanyama, mtoto wa dereva wa treni, Mkatoliki asiyekosa misa. Hatukuwa na mashine ya kuua vijidudu. Tulikuwa na sufuria ya presha juu ya mbabula, jiko la makaa. Monga alitia vifaa ndani, akangoja mvuke uanze kupiga filimbi, kisha akasali rozari nzima, matendo yote, bila kuruka. Alipomaliza, vifaa vilikuwa tayari. Sikuwahi kuona jeraha letu hata moja likioza kwa sababu ya vifaa. Ninyi leo mna saa kwenye simu na mnatoa sufuria kabla ya wakati. Tafuteni mtu anayesali.

Mbwa wa kwanza wa ini aliletwa na mwindaji kwa pikipiki kutoka njia ya Kaniama, amefungwa ndani ya kikwembe, kitenge cha mwanamke, ubavu umepasuliwa na nguruwe pori. Nilipofungua tumbo, damu ilijaa mpaka sikuona kitu. Hapo ndipo kidole kinapofanya kazi ya macho. Kuna tundu dogo nyuma ya mfereji wa nyongo. Ukipitisha kidole hapo na kubana kwa gumba, damu iendayo kwenye ini inasimama, nawe unapata nafasi ya kutazama. Si nafasi ya kuvuta sigara. Nilibana, Monga akakausha, nikaona pande moja limechanika vipande viwili. Nikazungusha uzi, nikakaza kama Dokta Kasongo alivyokaza, jasho likinidondoka kwenye miwani.

Mbwa aliamka, akatikisa mkia, na sote tukacheka. Muda mfupi baadaye akalegea, akaanza kutetemeka, macho yakageuka. Mwindaji akaangua kilio. Monga alidhani ni damu tena, akakimbilia uzi. Mimi nilikimbilia sukari. Ini ndilo ghala la sukari ya mwili. Ukilikata, ghala linapungua. Nilimpaka mbwa maji ya sukari kwenye fizi, kisha nikamtilia mengine kwenye mshipa, naye akainua kichwa akatutazama kama aliyeamshwa na watu wasio na adabu. Aliishi, akarudi kuwinda. Mwenyewe alinipa jina la kutembea nalo, Dokta wa Ini, na miaka ile nilipita barabara za Kamina kifua mbele. Niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Sikujua kwamba jina alilokupa mtu barabarani, barabara hiyo hiyo inaweza kulibadilisha.

Sasa nije kwa Mama Jeanne.

Alikuwa mjane wa mtu wa reli, mzaliwa wa Malemba-Nkulu, mtu wa mto Lualaba. Aliuza samaki wakavu waliotoka Kabondo-Dianda, na alikaa peke yake katika nyumba karibu na njia ya treni. Mume wake alipokufa ghafla, majirani walisema amemla kwa uchawi. Waliimba maneno hayo kisimani, wakatupa mawe juu ya bati lake. Hakubishana na mtu. Alitafuta mtoto wa mbwa, akamlea mpaka akawa jitu la kifua kipana, akampa jina Batachoka. Kila jioni alisimama mlangoni akamwita kwa sauti, "Batachoka! Batachoka, kuya!" ili wanaosema wasikie kwamba siku moja watachoka kusema. Mawe yalikoma. Mtu angetupaje jiwe kwenye ua wenye mbwa yule? Mwanamke yule hakuwa na ndugu Kamina, hakuwa na mtoto. Ukuta wake wote ulikuwa mbwa.

Siku aliyonijia, alikuwa amempakia mbwa kwenye kigari cha kusukuma, kile alichobebea magunia ya samaki. Macho ya mbwa, fizi, hata ngozi ya tumbo, vyote vilikuwa vya manjano kama mafuta ya mawese yaliyochujwa. Alikuwa ametapika kwa siku kadhaa.

"Dokta, banasema nimekula bwana. Sasa batasema nimekula na imbwa," akaniambia. "Minyi sina muntu. Hii imbwa njo muntu yangu. Isikufe."

Tulifungua asubuhi iliyofuata. Kifuko cha nyongo kilikuwa kimevimba na kukaza. Mfereji wake ulibanwa na kongosho lililovimba, gumu kama mti, na hapo hapakatwi wala hapashonwi. Mwenye pupa angejaribu, na mbwa angefia mezani. Dokta Kasongo alitufundisha kungoja hata ndani ya tumbo: kongosho likipoa, njia itafunguka yenyewe. Kinachotakiwa ni kuipa nyongo mlango mwingine kwa muda. Nilichukua mrija wa mkojo ambao wakunga hutumia kwa wazazi, nikautia ndani ya kifuko, nikaufunga kwa uzi wa kuzunguka, nikautoa nje ubavuni. Nyongo ikatiririka ndani ya chupa, ya kijani, nzito. Monga akafanya ishara ya msalaba. Nilidhani anashukuru.

Sikilizeni hapa vizuri, maana ndipo kisa kizima kilipo. Nyongo inayotoka kwa mrija si uchafu. Mwili unaitaka. Bila nyongo, utumbo haunyonyi mafuta, na bila kunyonya mafuta haunyonyi vitamini K, na bila vitamini K damu haigandi. Mbwa aliyekuwa wa manjano kwa siku nyingi ameshaishiwa akiba. Kama ningekuwa na ampuli za sindano ningemchoma, nikalala. Lakini ampuli zilikuwa hazijafika na treni kwa muda mrefu. Niliandika ombi, na nadhani ombi lenyewe bado linasafiri. Mjini palikuwa na vidonge tu, na kidonge kinachopita kwenye utumbo usio na nyongo ni sawa na kokoto. Kwa hiyo nyongo iliyotoka ubavuni ilipaswa kurudi kwa mdomo, kila siku, pamoja na vidonge.

Ofisi haikuwa na banda la wagonjwa. Hata hospitali za watu hapa mgonjwa analishwa na kulindwa na ndugu yake. Mbwa naye alirudi nyumbani kwake. Nilikaa na Mama Jeanne uani, nikamwonyesha.

"Mama, hii mayi ya kijani iko nyongo yake. Utaichunga mu chupa. Asubui unaichanganya na uji ya samaki, unamupa na bomba ya sindano, pole pole. Usiitupe hata kidogo. Ukitupa, atakufa."

Alinitazama, akatazama chupa, akatazama ua wa jirani, ambako vichwa vya watu vilikuwa vimejipanga juu ya ua wa majani.

"Nichunge nyongo mu nyumba?"

"Ndiyo, mama. Siku kidogo tu."

"Sawa, Dokta," akasema.

Mimi ni mtoto wa Kaniama, watu wa mahindi na ng'ombe. Mamba kwetu ni picha ya kitabuni. Ndiyo maana nililosikia siku chache baadaye kutoka kwa Shefu lilikuwa jipya kwangu. Aliniita, akafunga mlango, jambo ambalo hakulifanya hata akinywa.

"Dokta, njo maneno gani hii? Bantu banasema unachunga nyongo mu chupa."

Nikamweleza utumbo, mafuta, damu. Akanisikiliza kwa huruma. Kisha akanieleza yeye. Watu wa Lualaba wakimwua mamba, nyongo yake haikai mikononi mwa mtu. Inatolewa mbele ya macho ya wote, inamwagwa, inafukiwa, kila mmoja aseme ameiona ikienda. Wanaamini tone lake kwenye pombe linaua. Mtu aliyeificha ana mtu wa kumwua.

"Ile ni ngandu, mamba," nikasema. "Hii iko imbwa."

"Nyongo ni nyongo," akasema Shefu. "Kijani ni kijani. Ujichunge."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, nikapanda baiskeli yangu nikaenda kwa Mama Jeanne. Mbwa alikuwa amekaa kivulini, manjano yamepungua machoni, mkia ukipiga udongo. Nikamwuliza mwenyewe kama majirani wanamsumbua kwa ajili ya chupa.

"Kaa na amani, Dokta," akajibu. "Ile maneno minyi nilimaliza."

Nikatazama chupa. Ilikuwa tupu, imesafishwa, imepinduliwa juu ya jiwe ikauke. Kila nilipopita asubuhi ilikuwa hivyo, tupu na safi. Nilimwuliza kama mbwa anakunywa yote, akasema anakunywa. Nilimsifu. Nilimwambia Monga kwamba nimeona wauguzi wenye vyeti wasiofanya kazi safi kama ya mama yule. Mpaka leo nikikumbuka chupa ile juu ya jiwe nauma meno.

Mbwa alikuwa akipona. Alianza kubweka. Jioni mama alisimama tena mlangoni, akaliita lile jina kwa sauti, na mimi niliyekuwa nikipita niliona raha kama mwenye mbwa. Kisha asubuhi moja nikakuta fizi zimepauka. Kwenye ngozi ya tumbo palikuwa na madoa madogo mekundu, na mavi yalikuwa meusi kama lami. Kuzunguka mrija, kwenye tundu lililokuwa limeshapona, damu ilichuruzika nyembamba, haikomi.

Nilivuta damu kidogo kwenye kichupa cha kioo, nikaifumbata mkononi. Ndivyo tunavyopima sisi tusio na maabara: joto la mkono, subira, na kuinamisha kichupa. Damu yenye afya inashikamana, haiteremki. Hii ilicheza ndani ya kioo kama chai. Nikakaa chini. Mama Jeanne aliniuliza kuna nini, nikainamisha kichupa tena. Nyongo inarudi, vidonge anakula, damu inakataa kuganda kwa nini?

Monga, niliyekuja naye, alikimbia kumleta mbwa wake mwenyewe, tukamtoa damu tukampa Batachoka. Akapata nguvu kidogo, akamramba mama mkono. Damu ile nayo ikatoka ilikotoka ya kwanza. Alikufa kabla ya mchana, kichwa kikiwa kwenye kikwembe cha mama yake. Mama hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Dokta, sasa nitaita nani?"

Aliniruhusu nimfungue. Nilitafuta kosa langu mle ndani kama mtu anayetafuta ufunguo. Mrija ulikuwa mahali pake. Uzi ulikuwa umeshika. Hakuna tone la nyongo lililovuja. Kongosho lilikuwa limepoa, mfereji umeanza kupitisha, kama Dokta Kasongo alivyosema. Tumbo lilijaa damu, na hakuna mshipa hata mmoja uliopasuka. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na mbwa alikuwa amekufa nayo. Nikaamua kwamba vidonge vilikuwa vya bandia, au kwamba mkono wangu ulifanya jambo nisilolijua. Niliwaza hayo kwa miaka.

Mjini hawakuwaza. Walijua. Dokta alimwua mbwa wa mjane ili apate nyongo. Dokta wa Ini akawa Dokta wa Nyongo. Hawakuja kunipiga, na sikuelewa kwa nini waliishia kwenye maneno, maana hapa watu wameumizwa kwa madogo zaidi. Lakini hawakunyamaza. Wenye mbwa waliacha kuja. Akina mama walivuka barabara wakiniona na mkoba. Shefu, kwa wema wake, alinihamishia machinjioni nikague nyama, "mpaka bantu basahau".

Hawakusahau. Wachinjaji nao walikuwa na adabu yao. Kila ng'ombe aliyepasuliwa, kabla sijasogea, mmoja wao alikata kifuko cha nyongo, akakiinua nikione, akakitoboa na kumwaga sakafuni miguuni pangu. "Umeona, Dokta?" Nikasema nimeona. Ng'ombe baada ya ng'ombe, mwaka baada ya mwaka, nimeona. Viatu vyangu vilikuwa vya kijani, na mke wangu alichoka kuuliza.

Mara moja moja mtu jasiri aliniletea mbwa wa manjano kwa mlango wa nyuma. Sikuwapasua. Nilipapasa tumbo, nilijua kilichomo ndani, vidole vyangu vilijua la kufanya, na niliwaambia waende na Mungu. Mtu asiyejua kwa nini mgonjwa wake alikufa hana haki ya kumfungua mwingine. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Sanduku langu la vifaa lilikaa juu ya kabati mpaka likaota kutu, nami nikaota nalo.

Sherehe ya kuniaga mliiona wenyewe, viti vya plastiki, soda za moto, hotuba iliyonisifu kwa mambo niliyoyafanya na mengine niliyoyasikia siku hiyo. Shefu wa zamani alikuwapo, amezeeka, amekaa mbele. Mliona pia Mama Jeanne akiingia na sinia la samaki kichwani, mgongo umepinda, akaomba neno. Nyinyi mlisikia hotuba ya bibi mmoja na mkafurahi. Mimi nitaandika nilichosikia.

"Minyi njo niliokoa huyu Dokta," akaanza, na watu wakacheka kwa upendo. "Hapana kucheka. Bantu balikuwa banasema anachunga nyongo ya imbwa yangu juu ya kuua bantu. Bamoja balikuwa na petroli tayari, minyi niliiona. Ile maneno minyi ninaijua, balinisemaka vile juu ya bwana yangu. Njo kila asubui, Dokta hajakuya bado, nilikuwa naita majirani bote. Mukuye muone! Namwanga nyongo mu shimo, nafunika na udongo, bote banaona. Chupa nasafisha na mayi ya moto. Dokta sikumwambiaka, angekasirika. Lakini njo vile balirudisha petroli mu nyumba. Njo juu ya ile Dokta iko muzima leo."

Akina mama walipiga vigelegele. Shefu wa zamani alisimama akapiga makofi. Nanyi mlipiga, nilimwona kila mmoja wenu. Mimi nilikuwa nikihesabu kichwani: nyongo ndani ya shimo, vidonge ndani ya utumbo mkavu, akiba kuisha, damu nyembamba kama chai. Kila kitu kilikaa mahali pake kwa muda wa makofi yenu. Mkono wangu haukukosea. Vidonge havikuwa vya bandia. Ningeweza kupasua miaka ile yote. Mbwa wote wale niliowaambia waende na Mungu, ningeweza kuwapasua.

Basi hilo ndilo la tano, vijana, lile ambalo Dokta Kasongo hakutuimbisha. Damu, nyongo, sukari, usaha, na watu. Unapoweka mrija usimwulize mwenye mbwa kama ameelewa, maana atasema ndiyo. Mwulize kwao nyongo wanaifanyaje. Mwulize nani anatazama juu ya ua. Mimi niliambiwa habari ya mamba na Shefu mwenyewe, nikacheka nikapanda baiskeli.

Na nina hasira. Nina hasira na treni iliyochelewesha ampuli, na majirani, na wachinjaji, na zaidi ya wote ninamkasirikia mama huyu ambaye siwezi kumkasirikia, kwa sababu petroli aliiona kwa macho yake, na yeye peke yake mjini hapa ndiye aliyesimama upande wangu. Alitoa ukuta wake wote ili mimi nisiungue, na hajui kwamba aliutoa.

Mlipotoka kwenda kula, alibaki. Alikaa karibu nami, akaweka sinia juu ya magoti yangu, akashusha sauti.

"Dokta, weye sasa umepumuzika, kazi imeisha. Uniambie kweli. Ile imbwa yangu ilikufaka na nini?"

Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa halijapoa. Nilimtazama uso, bado una furaha ya vigelegele. Nyumbani kwake hana mbwa mwingine; hakuwahi kuchukua mwingine.

"Mukono yangu, mama," nikasema. "Mukono yangu njo ilikosa."

Alinipiga kofi dogo la upole begani, kama mtu anayemfariji mtoto.

"Nilijuaka, Dokta," akasema. "Lakini minyi sikuambiaka muntu."